Vigingi vya Kona ya Kusini

Jumatatu, 9 Machi 1998
Leo nimeshika kekee ya kuchimbia udongo kwa mara ya kwanza tangu nilipopunguzwa kazi. Miaka mitatu, na mikono bado inakumbuka.

Kazi ni hii. Kile kiwanda cha zamani cha dawa za kahawa, chini ya reli, kilichofungwa mwaka 1991, kimeuzwa. Kampuni inayoitwa Makao Mapya inataka kukibomoa na kukata viwanja themanini na vinne: nyumba, maduka, na shule ya chekechea. Kabla hati hazijatoka lazima mtu apime udongo na kuandika kama ni salama. Aliyepewa kazi hiyo ni Mhandisi Valerian Mtenga, na mimi ndiye ninayemchimbia. Valerian ni wa kwetu Kilema, tulipata kipaimara siku moja. Wakati watu tuliofanya nao kazi maabara walikuwa wakiniona mjini wanavuka barabara, yeye alinitafuta.

Amenipa ramani yenye alama arobaini. Kila alama napiga kigingi chenye namba nyekundu, nachimba nusu mita, nachimba mita moja, naweka udongo kwenye mfuko, naandika.

Mlinzi ni mzee wa Machame, Yoramu Munisi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia vigingi.

Jumanne, 10 Machi
Mvua. Vigingi kumi tu.

Alhamisi, 12 Machi
Kigingi namba 17 hakikuwa nilipokipiga jana. Nimekikuta hatua kama ishirini upande wa kusini, kimepigwa kikanyooka, hata matope yamefutwa. Nilidhani nimekosea mwenyewe. Nikapima tena kwa tepu, nikakirudisha.

Jumanne, 17 Machi
Namba 17 tena, na namba 23.

Nilimwendea mzee kibandani kwake. Alikuwa anamenya ndizi za kuchemsha, redio ndogo inaimba nyimbo za kwaya.

"Mzee, kuna mtu anaingia humu usiku?"

"Haingii mtu."

"Vigingi vyangu vinahama."

Akakata ndizi mbili, akazitumbukiza sufuriani. "Labda ni maji. Mvua ya mwaka huu inahamisha hata madaraja."

Maji hayapigi kigingi kwa nyundo. Sikumwambia. Nimerudisha vyote viwili, na kuanzia leo naandika kwenye daftari la kazi kila kigingi kinachohama: kimetoka wapi, kimekwenda wapi, hatua ngapi.

Ijumaa, 20 Machi
Nimepita kwa dada yangu Stella, mtaa wa Pasua hapa Moshi. Tangu shemeji afariki na ndugu zake kumtoa kwenye kihamba, shamba la ukoo, anaishi chumba kimoja na cherehani yake. Kitanda kimesogezwa ukutani ili wateja wapate pa kusimama wakipimwa nguo. Alinionyesha barua aliyoiweka ndani ya kitabu cha sala: amekubaliwa kiwanja namba 31, palepale ninapochimba.

"Vero, utaniambia udongo wake ukoje? Nataka mparachichi."

Nikamwambia namba 31 iko juu, karibu na barabara, udongo mwekundu mzuri. Akacheka kama msichana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Jumanne, 24 Machi
Leo amekuja Bwana Primus wa Makao Mapya. Viatu vyeupe kwenye matope yale. Alinisalimia kwa mkono laini, akaniita "mtaalamu wetu". Kisha akaenda kusimama na mlinzi nyuma ya ghala, wakaongea muda mrefu. Primus ndiye aliyekuwa anaongea. Alipoondoka, Yoramu alikuwa amevaa koti jipya la mvua.

Najua sasa nani anahamisha vigingi, na kwa nini analipwa kwa koti.

Ijumaa, 27 Machi
Mvua tangu alfajiri. Matundu yamejaa maji.

Alhamisi, 2 Aprili
Namba 17, 18, 23 na 24. Hii ni mara ya sita. Nimeacha kumsalimia vizuri. Yeye ananifuata kwa mbali nikichimba, mikono nyuma, haongei, haendi. Nikigeuka anaangalia mlima, ambao kwa mawingu haya hauonekani wiki nzima.

Mifuko ya udongo sasa nalala nayo nyumbani. Sitaki aibadilishe.

Jumanne, 7 Aprili
Majibu ya maabara yamerudi. Safi. Shaba imezidi kidogo, basi.

Nimeyasoma mara tatu. Kiwanda kilichochanganya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, na dawa za wadudu miaka ishirini, udongo wake uwe safi kama wa shamba la masista? Ukuta wa ghala umekula rangi ya bluu mpaka ndani ya tofali. Kuna kitu mlinzi amekifanya ambacho sijakiona.

Jumatano, 8 Aprili
Nimemwambia Valerian yote: vigingi, koti, Primus nyuma ya ghala. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Una hakika ni mzee?"

"Nani mwingine?"

"Basi ataondoka leo."

Saa nane Yoramu alikuwa langoni na mfuko wa salfeti na redio. Alivua koti la mvua, akalitundika kwenye msumari wa lango, akaondoka na mvua inamnyeshea. Alinipita karibu. Nilingoja atukane. Alisema, "Aika, mama," asante ya Kichaga, kama mtu anayeaga baada ya chakula, na hilo limenikaa vibaya kuliko tusi.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka
Kilema kwa mama. Misa ndefu, mtori mzuri. Niliwasimulia habari ya mlinzi nikiwa najisifu. Mama akauliza mzee huyo ana watoto wangapi. Sikujua.

Jumatano, 15 Aprili
Vigingi havihami tena. Siku saba, kila kimoja mahali pake. Ningepaswa kufurahi.

Leo mvua imenizuia ofisini, nikachukua daftari la kazi ili ninakili orodha ya vile vilivyohama, Valerian aweke kwenye taarifa. Nikavichora kwenye karatasi, mshale kwa kila kigingi, kutoka kilipokuwa hadi kilipokwenda. Mishale kumi na mmoja.

Yote inaelekea kona ya kusini.

Nilikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Mtu anayeficha kitu ardhini angevisogeza vigingi mbali nacho. Huyu alikuwa anavisogeza kukifuata. Kila nilipovirudisha, alivipeleka tena, hatua ishirini, thelathini, kama mtu anayemshika mwenzake kwa kiwiko kumwonyesha njia. Na mimi nikamfukuzisha kazi.

Kisha nikaiangalia ramani niliyopewa. Alama arobaini, na kona ya kusini haina hata moja. Nilikuwa nimeiona tupu hivyo kwa wiki tano bila kujiuliza. Pameandikwa: bustani ya kuchezea watoto.

Alhamisi, 16 Aprili
Nimechimba kona ya kusini. Sikumpa mtu habari.

Ni mahali pasipo na majani. Nilidhani malori yalikuwa yakiegeshwa pale. Nusu mita ya kwanza ni kifusi cha kawaida. Kisha udongo ukawa wa kijani, kisha mweusi, unanata kwenye kekee kama sabuni. Kwenye sentimita themanini kekee ikagonga bati, na harufu ikapanda.

Nimefanya kazi na dawa za kahawa miaka kumi na minne. Harufu hii naijua. Ni ya dawa zile zilizokatazwa, ambazo tulikuwa tunaambiwa zimerudishwa zilikotoka.

Nilichukua mifuko sita. Mitatu ya ofisi, mitatu yangu. Nikafunika shimo, nikaosha mikono mpaka sabuni ikaisha. Nimetapika mara mbili. Kichwa kinapiga.

Ijumaa, 17 Aprili
Niliiweka mifuko mitatu mezani kwa Valerian. Hakuuliza ni ya wapi. Aliinuka akafunga mlango.

"Dada Vero, nani alikutuma kona ile?"

"Kuna mapipa."

"Kona ile haijengwi nyumba. Hakuna msingi utakaochimbwa. Itawekwa udongo mpya juu, majani, bembea. Kitu kilicholala ukikiacha kinaendelea kulala."

Hapo nikaelewa. Hawakusahau kupima kona ile. Walijua kilichomo, wakatafuta kitu cha kuweka juu yake ambacho hakihitaji kuchimba, wakaona watoto ndio wepesi kuliko nyumba.

"Watoto wanachimba, Valerian. Watoto wanakula udongo."

Akakaa. Alikuwa amechoka, macho mekundu. "Ramani nilipewa ilivyo. Nikikataa mimi, atapewa mwingine, na yeye hatakuuliza hata wewe. Kazi hizi ni ngapi Moshi hii? Na Stella je? Namba 31 iko safi. Unataka kumwangushia Stella nyumba kwa ajili ya kona moja?"

Sikujua kwamba anajua namba ya kiwanja cha Stella. Sikuwahi kumtajia.

Aliichukua mifuko akaifungia kabatini. Nilitoka nikiwaza kipaimara chetu, yeye na shati lake la kuazima lililomzidi mikono. Je, alinitafuta kwa sababu alinikumbuka, au kwa sababu alijua mtu aliyekaa miaka mitatu bila kazi hataongea?

Jumamosi, 18 Aprili
Bado kichwa.

Jumatatu, 20 Aprili
Mifuko yangu mitatu nimeipeleka Arusha mwenyewe, kwa Flavia, tuliyefanya naye kazi zamani. Sasa yuko kwenye maabara ya huko. Nimeandika jina langu na sahihi yangu kwenye kila mfuko. Flavia alifungua mmoja, akaufunga haraka.

"Ulivaa glovu ulipochimba?"

"Hapana."

"Vero!"

Majibu wiki mbili, tatu.

Jumamosi, 25 Aprili
Machame. Kutoka barabara kubwa nimepanda kwa miguu saa nzima, mifereji yote inafurika kwenye njia. Nilimkuta Yoramu anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Mkewe aliniletea kigoda na maziwa mgando kwenye kikombe cha bati, akatuacha.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilichoweza kusema ni, "Mzee, nimechimba pale."

Akaweka panga chini. "Umekuta?"

"Nimekuta."

Kisha akaanza, polepole, kama anayesoma. Mwaka 1986 dawa nyingi zilikuwa zimepita muda wake, wakubwa wakaamua zifukiwe. Yeye alikuwa kiongozi wa vibarua. Walichimba siku nne, wakafukia mapipa ishirini na sita. Vibarua walikuwa sita. Wanne wameshakufa, na yeye hajui kama ni kwa ajili hiyo au kwa ajili ya mambo mengine. Kiwanda kilipofungwa akaomba abaki mlinzi, ili asije mtu akalima pale.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza kabisa."

"Yule bwana wa viatu vyeupe alisema jina langu liko kwenye makaratasi ya kufukia. Kwamba ikijulikana, atakayefungwa ni mimi. Akanipa na koti." Akaokota jani moja, akalitupa. "Halafu wewe, mama, nilikuogopa."

"Mimi?"

"Ulikuja na ramani yao. Kila nilipokisogeza kigingi ulikirudisha, tena kwa tepu. Nikasema huyu mama ameletwa kufunika. Ana bidii mno."

Tulitazamana. Mwezi mzima mimi namchunga yeye, yeye ananichunga mimi, na waliokuwa wa kuchungwa wako ofisini wanakunywa chai.

Nilimwomba msamaha. Alisema nimalize maziwa kwanza. Nilipomaliza akasema, "Nitakuja kuonyesha. Lakini uandike jina langu lote. Yoramu Elinisafi Munisi. Uandike nilifukia, na uandike nilionyesha. Vyote viwili."

Jumanne, 28 Aprili
Mvua. Valerian haniongeleshi. Ameniambia kazi yangu imekwisha, taarifa ataiandika mwenyewe.

Jumatatu, 4 Mei
Mvua.

Ijumaa, 8 Mei
Majibu ya Arusha. Flavia amepiga mstari chini ya namba tatu kwa wino mwekundu. Moja ni zebaki. Namba nyingine mbili ni za dawa ambazo sitaki hata kuziandika hapa, nisije nikaota majina yake. Maji ya mfereji ulio nje ya ukuta nayo yapimwe haraka, ameandika.

Nimepeleka nakala ofisi ya ardhi na ofisi ya afya. Karani wa ardhi akaigonga muhuri, akauliza, "Hii ni ya nani?" Nikasema ni ya kwangu.

Jumamosi, 16 Mei
Mkutano wa waombaji wa viwanja, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Stella alikuwa safu ya pili, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Hakujua. Nilipaswa kumwambia kabla. Jana nilifika mpaka mlangoni kwake, nikasikia cherehani inalia, nikarudi.

Primus aliongea vizuri. Alitaja maji ya bomba, taa za barabarani, shule. Valerian akasoma taarifa: udongo ni salama kwa makazi. Aliisoma bila kuinua macho. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Nilisema mimi ndiye niliyechimba, na kwamba sehemu moja haikupimwa. Nikasoma majibu, nikasema maana ya kila namba kwa Kiswahili cha kawaida: hii inaharibu ini, hii inaingia kwenye maziwa ya mama, hii haitoki ardhini maisha ya mtu na mwanawe.

Nilidhani watanyamaza kwa hofu. Walinizomea.

"Umetumwa na nani?" mama mmoja alipiga kelele. "Umenunuliwa! Wanataka wapewe watu wa Dar!"

"Kaa chini!"

Nilimtafuta Stella. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika kitabu cha sala kwa mikono miwili.

Primus akatabasamu. "Ndugu zangu, huyu mama aliachishwa kazi. Ana hasira, tumwelewe."

Ndipo mzee akasimama nyuma kabisa. Watu walikuwa bado wanapiga kelele, kwa hiyo alingoja. Alisimama tu na kofia mkononi mpaka watu wakageuka, safu moja moja.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Mimi ni Yoramu Elinisafi Munisi. Sumu anayosema mama huyu niliifukia mimi. Mapipa ishirini na sita. Kama ni kufungwa, nifungwe, lakini watoto wasiwekewe bembea pale. Twendeni nikawaonyeshe."

Ofisa wa ardhi, aliyekaa meza ya mbele, akainuka, akamwomba Valerian ramani. Valerian alimpa. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akafungua mkoba, akatoa ramani ya pili, ya zamani, iliyochakaa, yenye kona ya kusini na neno "shimo" limeandikwa kwa mkono. Akaiweka juu ya ile mpya. Alitoka kwa mlango wa pembeni bila kumwangalia mtu.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Na aliihifadhi. Sijui niandike lipi kwanza.

Alhamisi, 21 Mei
Wamefukua. Watu wa afya na barakoa zao, polisi langoni. Yoramu alionyesha kwa fimbo: anzeni hapa, ishieni pale. Mapipa ishirini na sita, kama alivyosema. Tisa yalikuwa mazima, mengine yameoza kama karatasi. Walipotoa la mwisho aliomba akae kidogo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ofisa wa afya amemwandikia apimwe damu hospitali ya Mawenzi. Polisi walichukua maelezo yake, wakamwacha aende nyumbani. Ameniuliza kama jina limeandikwa lote. Nikamwonyesha.

Primus hajaonekana. Wanasema yuko Dar.

Jumatatu, 25 Mei
Mradi umesimamishwa wote, si kona peke yake. Makao Mapya wamejitoa. Viwanja themanini na vinne, hakuna hata kimoja.

Jumanne, 2 Juni
Mawingu yamefunguka, baridi imeanza. Stella hajaja, na nikienda mlango umefungwa kwa ndani.

Jumapili, 7 Juni
Baada ya misa nilikuta Stella amesimama mlangoni kwangu. Hakuwa na kitu mkononi. Alikataa kuingia.

"Nina swali moja tu," alisema. "Namba 31 ilikuwa na sumu?"

Wiki tatu hizi zote nilijua ataniuliza. Neno lilikuwa jepesi. Ningesema ndiyo, angenishukuru, angelala vizuri, na asingekuwepo mtu wa kunibishia, kwa sababu majibu ya kigingi cha kiwanja kile ninayo mimi.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa safi. Mparachichi ungeota."

Machozi yakamjaa, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira.

"Hata uongo huo mmoja umekushinda, Vero? Mmoja tu?"

"Umenishinda."

Akageukia barabara. Nilidhani ataondoka, na kwamba nimempoteza. Kisha akavua viatu, akanipita, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko.

"Weka chai," alisema. "Na usiniongeleshe kwanza."

Nikaweka chai.